Uso wa Kuelewa

1

Ukuta wa mbele wa darasa la nne, Shule ya Msingi Ilundo, ulikuwa unafundisha, na Mwalimu Skolastika Mgaya alikuwa amekaa nyuma kabisa kama mlinzi wa harusi ambaye hakualikwa kula. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu ukuta uletwe miaka sita iliyopita: kukaa. Cheo chake kilikuwa kimebadilishwa kutoka mwalimu kuwa msimamizi wa mazingira ya ujifunzaji. Aliyekibuni cheo hicho, Skolastika aliamini, hajawahi kumfundisha hata mbuzi njia ya zizini.

Ukuta wenyewe uliitwa Kioo. Siku hiyo Kioo kilifundisha kugawanya. Sungura mwenye fulana ya njano alikata keki, akaimba, akakata tena, muziki ukapanda, nyota zikamwagika kutoka darini hadi sakafuni. Watoto wa Ilundo, huko kwenye baridi ya milima ya Njombe, keki walikuwa wameiona mara moja au mbili, tena kwa mbali, mbele ya maharusi. Hata hivyo walikaa wima, arobaini kasoro mmoja, wakamtazama sungura kwa macho makubwa na nyusi zilizopanda kidogo, wakitikisa vichwa taratibu kwa kukubali, kama wazee wa baraza.

Kila dawati lilikuwa na kijicho cha kamera kisichozidi punje ya mtama. Vijicho hivyo vilisoma mboni, nyusi, midomo, hata mapigo ya damu chini ya ngozi ya shavu, na kila dakika Kioo kilitoa alama ya uelewa ya kila mtoto. Mitihani ilikuwa imefutwa. Ya nini kumuuliza mtoto kama ameelewa, walisema watu wa kampuni siku ya uzinduzi, wakati uso wake umeshakujibu? Wakubwa walipiga makofi mpaka viganja vikawauma. Skolastika alikuwapo ukumbini. Hakupiga makofi, lakini pia hakusema neno, na hilo la pili hakupenda kulikumbuka.

Somo lilipoisha Kioo kilitangaza wastani wa darasa: asilimia tisini na sita. Chini kabisa ya orodha, kwa maandishi mekundu, lilikuwapo jina lilelile la kila siku: Tusekile Mbilinyi, thelathini na moja. Mbele ya jina Kioo kiliandika, “Hayupo darasani.” Tusekile alikuwa amekaa dawati la tatu karibu na dirisha, mzima, mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Alikuwa amefumba macho tu.

Kisha umeme ukakatika.

Ukuta ulipozimika darasa lilionekana dogo na la kawaida. Kanuni ilimtaka msimamizi awaongoze watoto kuimba hadi umeme urudi. Skolastika alikuwa amechoka na nyimbo. Alitoa kipande cha chaki mkobani, akaandika kwenye mlango wa kabati kwamba kuna viazi themanini na nne na watoto sita, kila mmoja atapata vingapi. Akageuka.

Watoto thelathini na tisa walimtazama kwa macho makubwa na nyusi zilizopanda. Walitikisa vichwa. Akangoja. Waliendelea kutikisa vichwa, vizuri kabisa, na hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu.

Tusekile alifumba macho. Ukucha wake ulikwaruza dawati mara kadhaa.

“Kumi na vinne,” alisema.

Skolastika alimuuliza amepataje. Mtoto akaeleza kwa sauti ya chini kwamba aliwapa kwanza kumi kumi, vikabaki ishirini na vinne, ndipo akawapa vinne vinne. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza alivyofagia uwanja.

2

Aliyemfumbulia Skolastika mambo alikuwa Anzelma Mligo, msichana mwenye alama ya juu kuliko wote mkoani, tisini na tisa, ambaye picha yake ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata. Skolastika alimwita wakati wa uji, akamuuliza pole pole kuhusu viazi. Anzelma hakuona aibu. Alieleza kwamba Kioo hakitaki jibu, kinataka uso. Unafungua macho, unahesabu mbili kimoyomoyo, unapandisha nyusi, unatikisa kichwa, kisha unaachia mdomo kidogo kama mtu aliyeona kitu kizuri. Damu nayo ina namna yake, unavuta pumzi tu. Waliligundua walipokuwa darasa la pili, wakafundishana uwanjani kama wanavyofundishana kuruka kamba.

“Tunaita kuvaa, mwalimu. Hata wadogo wa la kwanza siku hizi wanavaa.”

Akamuuliza kwa nini Tusekile havai. Anzelma alifikiri, akasema Tusekile alishafundishwa, ila ni mbishi, akiwaza lazima afumbe.

Skolastika alicheka, na si kwa furaha. Miaka sita, wataalamu na makongamano, na chombo chenye akili ya mashine elfu kilikuwa kimevishwa kilemba cha ukoka na watoto wasiojua kugawanya kwa sita. Aliwaonea fahari kwa dakika moja hivi. Kisha akakumbuka kilichokuwa mbele, fahari ikamkauka mdomoni.

Mwisho wa darasa la nne alama zilikuwa zinafungwa. Mtoto wa zaidi ya sitini aliingia Mkondo wa Juu, akapelekwa shule ya bweni ya wilaya yenye maabara na walimu wa kweli. Wa chini ya sitini aliingia Mkondo wa Stadi. Jina hilo tamu maana yake ilikuwa kituo kilicho pembeni ya mashamba ya chai, ambako watoto wa miaka kumi walijifunza kuchambua majani na kutofautisha daraja za chai kwa kunusa. Kati ya watoto arobaini wa Ilundo, mmoja tu ndiye aliyejua kugawanya, na mmoja huyo ndiye aliyekuwa anapelekwa kunusa chai.

Alimpelekea habari hiyo mkuu wa shule, Mwalimu Gaudensi Ngailo, mtu mnene mpole aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na ambaye aliogopa kila kitu chenye kanuni. Ngailo alimsikiliza, akainuka kufunga mlango, akakaa tena. Kwa muda mrefu alifuta miwani. Hakushangaa, na hapo Skolastika akajua kwamba Ngailo alikuwa anajua siku nyingi.

Ngailo alimkumbusha Kanuni ya Tisa. Alama za darasa zikitiliwa shaka, darasa zima hushushwa Mkondo wa Stadi. Njia moja tu huachwa wazi: msimamizi aombe watoto wapimwe upya kwa kalamu ndani ya wiki sita, aweke rehani leseni yake, na zaidi ya nusu wafaulu; hapo kila mtoto hupangwa kwa alama yake ya kalamu. Hakuna mtu nchini aliyewahi kuiomba.

“Ukilifungua hili unawashusha thelathini na tisa ili kumpandisha mmoja,” alisema. “Na mmoja huyo dawa yake ipo. Mfundishe kuvaa uso. Ni kazi ya dakika kumi.”

Skolastika alimdharau kwa maneno hayo. Alitoka ofisini akiwa bado anamdharau, na kesho yake wakati wa mapumziko akafanya kama alivyoambiwa.

3

Walikaa darasani wawili tu, Tusekile na yeye, mbele ya kioo kidogo cha kujitazamia, kile cha kawaida cha kuchania nywele. Umeme ulikuwa umerudi na vijicho vilikuwa macho. Skolastika alimwonyesha. Fungua macho. Pandisha nyusi, si hivyo, kama umesikia jina lako. Hesabu mbili. Tikisa.

Tusekile alikuwa mtoto mtiifu. Mara ya kwanza alama ilipanda hadi arobaini na nne. Mara ya tano ilifika sabini. Jasho lilimtoka puani. Ilipofika themanini na nane, ukutani likatokea ua kubwa la rangi saba na sauti ya mwanamke ikamwambia kwamba ni nyota wa darasa. Kwa miaka minne Kioo kilikuwa hakijamsemesha Tusekile hata mara moja.

Skolastika aliona bora ajaribu jambo moja. Akamwomba asiuvue uso, na amwambie tisini na moja ukizigawa kwa saba unapata ngapi. Hesabu hiyo mtoto aliwahi kuifanya akiwa anafunga kamba ya kiatu.

“Kumi na moja,” Tusekile alisema, macho makubwa, nyusi juu, mdomo wazi kidogo. Ukutani alama ilipanda hadi tisini.

Kisha akafumba macho, na alama ikaporomoka.

“Kumi na tatu. Nikifungua hivyo, mwalimu, namba zinakimbia.”

Skolastika alikigeuza kile kioo kidogo kifudifudi juu ya dawati. Alimwambia mtoto aende akacheze. Alibaki amekaa, na kwa mara ya kwanza tangu ukuta uletwe hakupata mtu wa kumcheka. Kampuni haikuwa humo ndani. Ngailo hakuwa humo. Aliyemfundisha mtoto kukosea alikuwa ni yeye, kwa mikono yake, tena kwa upole.

Jioni mama yake Tusekile alimpitia nyumbani na kopo la sado lililojaa viazi, kumshukuru. Mtoto alikuwa amemsimulia habari za ua la rangi saba. Mama Tusekile alikuwa mchuma chai tangu ana miaka kumi na miwili, na vidole vyake vilikuwa vimekuwa vyeusi kwenye ncha, weusi usiotoka kwa sabuni. Alisema yeye hajui mambo ya ukuta, anachojua ni kwamba mwalimu ameshika mkono wa mwanawe, basi asiuachie. Skolastika alivipokea viazi. Alishindwa kuvikataa na alishindwa kuvipika.

4

Siku ya kufunga alama alikuja Afisa Upimaji wa wilaya, Festo Kiswaga, na mpiga picha wake. Kiswaga alivaa suti ya kijivu na viatu ambavyo matope ya Ilundo yalivifanyia mzaha kuanzia getini. Alikuwa na mazoea ya kuwaita watoto rasilimali. Alisimama mbele ya darasa akasoma wastani, akaipongeza shule, akawapongeza walioipongeza, kisha akajipongeza mwenyewe kwa mzunguko mrefu uliopitia makao makuu na kurudi. Ngailo alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

Skolastika alikuwa ameazimia kunyamaza. Usiku kucha alikuwa amehesabu, thelathini na tisa upande huu na mmoja upande ule, na kila alipohesabu jibu lilikuwa lilelile. Tusekile naye alikuwa ameahidi kuvaa. Lakini aliketi dawati la tatu, macho ameyafumba, kwa sababu Afisa alitaja asilimia na yeye alikuwa anatafuta ni sawa na watoto wangapi.

Kiswaga aliliona jina jekundu. Aliinama kwa Skolastika na kusema kwa sauti ambayo darasa zima lilisikia, kwa wema wa mtu aliyeshiba:

“Huyu asikusumbue, mwalimu. Chai nayo inataka watu.”

Ndipo Skolastika akasahau azimio lake la kunyamaza. Alisimama. Kwa adabu zote alimwomba Afisa akae kwenye dawati, ili watu waone kwenye picha jinsi Kioo kinavyompima hata mkubwa. Kiswaga alipenda wazo hilo. Alijibanza kwenye dawati la mtoto, magoti yakagusa kidevu, mpiga picha akasogea.

Ndani ya tumbo la Kioo kulikuwa na masomo ya ngazi zote, kwa sababu kampuni iliuza ghala zima na hakuna aliyejishughulisha kulichambua. Skolastika aliita somo la chuo kikuu, jiometri ya nafasi zenye vipimo saba. Mwanamume asiyeonekana alianza kueleza, kwa Kiswahili sanifu kabisa, kwamba mkunjo wa nafasi isiyo na mpaka hulingana na kivuli chake pale tu ambapo kila kitanzi kinaweza kukazwa kikawa nukta. Maumbo yalijigeuza ukutani kama utumbo.

Kiswaga alifungua macho. Alingoja kidogo. Nyusi zake zikapanda, kichwa kikatikisika taratibu, mdomo ukaachia kidogo kama mtu aliyeona kitu kizuri.

Anzelma alimgusa jirani yake. “Amevaa,” alinong’ona.

Kicheko kilitoka dawati hadi dawati, cha kuzibwa na viganja. Baada ya dakika nne ua la rangi saba likachanua ukutani. Asilimia tisini na saba. Sauti ya mwanamke ikamwambia Afisa Upimaji kwamba ni nyota wa darasa.

Skolastika alimwomba sasa awafafanulie watoto, kwa ufupi tu, kivuli cha mkunjo ni nini.

Kiswaga alitazama ukuta. Alitazama watoto, nao walikuwa wanamtazama kama mafundi wanavyomtazama mwanagenzi. Alijinasua kutoka dawatini pole pole, akamwambia mpiga picha azime. Skolastika aliona amempata. Aliona, kwa muda mfupi mtamu sana, mtu mzima akinyauka mbele yake, na akaufurahia mnyauko huo kuliko alivyofurahia jambo lolote kwa miaka sita.

Lakini mtu aliyeaibishwa hatubu kwa sababu ameaibishwa. Kiswaga alivuta kola ya suti, akatoa kibao chake cha kuandikia.

“Vizuri, mwalimu. Umethibitisha kwamba Kioo kinadanganyika. Kanuni ya Tisa. Darasa lote, Stadi.” Kalamu yake ilikuwa hewani. “Au useme sasa hivi, mbele ya mkuu wako, kwamba ulikuwa unatania.”

Kicheko kilikufa. Ngailo pale mlangoni alikuwa anamwomba kwa macho. Na watoto, walipotambua kwamba jambo limegeuka na linawahusu wao, walifanya kitu pekee ambacho shule ilikuwa imewafundisha kufanya wakiogopa. Thelathini na tisa, wote kwa pamoja, wakavaa.

Skolastika aliziona nyuso hizo, zile nyusi, vile vinywa. Akajua kwamba akisema alikuwa anatania watazivaa hadi watakapozikwa nazo.

“Naomba wapimwe kwa kalamu,” alisema. “Leseni yangu hii hapa.”

5

Wiki sita si kitu. Alikifunika Kioo kwa turubai la kuanikia maua ya pareto, akafundisha kutoka asubuhi hadi mbavu zikauma, kwa viazi, kwa mawe, kwa vijiti, kwa kelele. Watoto walilia. Walikuwa hawajawahi kukosea mbele ya mtu. Kila mmoja aliambiwa amekosea mara nyingi zaidi kwa siku moja kuliko alivyoambiwa tangu azaliwe, na wengine walirudi nyumbani wakasema Mwalimu Mgaya amekuwa na roho mbaya. Tusekile alimsaidia. Alizunguka madawatini akiwaonyesha wenzake namna ya kugawa kumi kumi kwanza, na wachache wakaanza kufumba macho.

Walipimwa kwa kalamu mbele ya wasimamizi watatu waliotoka wilaya nyingine. Walifaulu ishirini na watatu. Leseni ya Skolastika ilipona kwa watoto wawili. Tusekile alikosa swali moja tu na akaenda bweni na sweta jipya. Watoto kumi na saba, ambao wote wangepanda kama mwalimu wao angenyamaza, walipangiwa kituo cha chai.

Kiswaga alipandishwa cheo. Aliandika ripoti kwamba wilaya yake ndiyo ya kwanza kugundua udhaifu wa mfumo, na kampuni ikaahidi kuleta ukuta mpya unaosoma uso kwa undani zaidi. Hilo halikumshangaza Skolastika. Wapumbavu wa namna hiyo alikuwa ameshawazoea, na kuwadharau hakukumgharimu kitu.

Kilichomgharimu kilikuwa njia ya kwenda sokoni. Wazazi wa wale kumi na saba waliacha kumsalimia. Baba mmoja alimsimamisha akamuuliza, bila ukali, mwanawe alimkosea nini. Skolastika alianza kueleza habari za nyuso na namba, akaona maneno yake yanavyosikika, akaacha. Maana usiku alipokuwa peke yake swali lilikuwa jingine. Alisimama siku ile kwa ajili ya Tusekile, au alisimama kwa sababu ya suti ya kijivu? Kama Kiswaga angekuwa mtu mstaarabu, je, asingenyamaza? Aliligeuza kila upande na hakupata jibu la kumpendeza.

Juma la mwisho kabla basi la kituo halijaja, Anzelma alikuja darasani baada ya saa za masomo. Alikuwa ameanguka kwa alama mbili. Picha yake ilikuwa imebanduliwa kwenye mlango wa ofisi ya kata, na mama yake alikuwa mmoja wa wale wasiosalimia. Alisimama na karatasi yake ya mtihani imekunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza. Skolastika alijiandaa kusikia lawama, na alikuwa ameamua kutojitetea.

Anzelma aliweka kidole kwenye swali la tisa.

“Hili, mwalimu, sijaelewa.”

Mdomo wake ulikuwa umekaza na paji la uso limejikunja, na hakuna hata kimoja usoni pake kilichokuwa mahali pake. Skolastika alivuta kiti. Alimweleza, hatua kwa hatua, akachora, kisha akamuuliza kama sasa anaona.

Anzelma aliifuata michoro kwa kidole, mmoja baada ya mwingine.

“Bado,” alisema.

Skolastika akafuta kila kitu, akaanza upya.